Jinsi ya kuzisoma hadithi za giza za Poe, Hawthorne na Melville

Wasomaji wengi hufungua hadithi ya Edgar Allan Poe wakiwinda mzimu. Wanasoma kurasa mbili, mzimu hautokei, sentensi zinazidi kurefuka, wanaachana nayo. Wakirudi, ni kwa sababu ya mtihani.

Nadhani tatizo ni mahali wanapotazama. Hadithi fupi za Marekani za miaka ya 1830 hadi 1850, zile ambazo wahakiki wa baadaye walizipa jina la ulimbwende wa giza (dark romanticism), kwa nje zina vifaa vyote vya kutisha: jumba bovu, msitu wa usiku, maiti chini ya sakafu. Lakini anayetisha humo ni mtu mwenye uhakika. Ana uhakika kwamba akili zake ni timamu, kwamba majirani zake ni wachawi, kwamba mtumwa aliyesimama mbele yake ni mtiifu. Mwandishi anakukalisha karibu na mtu huyo kwa makusudi, halafu anakuachia kazi ya kumpima. Hatua zinazofuata zinahusu namna ya kuifanya kazi hiyo. Zinamfaa mwanafunzi wa fasihi, na vilevile mtu yeyote mwenye Kiingereza cha sekondari na simu mkononi.

Hatua ya 1: Pata matini kamili, kisha kaa

Hakimiliki za hadithi hizi zimekwisha muda wake zamani, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, wanazo karibu zote, na unaweza kuzipakua kwenye simu bila hata kujisajili. Angalizo langu ni moja: epuka matoleo yaliyofupishwa na kurahisishwa. Katika hadithi za Poe, jinsi msimulizi anavyokatiza maneno, anavyorudia, anavyojitetea kabla hajashtakiwa, ndiyo ushahidi wenyewe. Toleo lililonyooshwa linakupa kisa na kukunyima ushahidi.

Poe mwenyewe aliweka kanuni ya muda. Mnamo Mei 1842, akihakiki mkusanyiko wa Nathaniel Hawthorne katika jarida la Graham's, aliandika kwamba hadithi ya aina hii inapaswa kusomeka kati ya nusu saa na saa moja au mbili, msomaji akiwa hajainuka. Hoja yake ilikuwa kwamba mwandishi huamua kwanza athari moja anayotaka kuipanda moyoni mwa msomaji, kisha kila sentensi, kuanzia ile ya kwanza, inafanya kazi kwa ajili ya athari hiyo. Ukisoma robo leo na robo keshokutwa, umeivunja.

Basi zima arifa za simu na umalize kwa kikao kimoja. Mara ya kwanza usiguse kamusi. Maneno magumu yapite tu. Mara ya pili ndipo usome na kalamu, na ikiwezekana kwa sauti. "The Tell-Tale Heart", hadithi ya moyo unaomfichua muuaji, ikisomwa kwa sauti inachukua muda mfupi kuliko kupika wali, na ndiyo ninayokushauri uanze nayo.

Hatua ya 2: Andika miaka miwili pembeni

Kabla ya kusoma mara ya pili, andika mwaka hadithi ilipochapishwa na mwaka kisa kinapotokea. Mara nyingi miaka hiyo miwili iko mbali, na katika nafasi iliyo kati yake ndimo mwandishi alimoficha sababu ya kuandika.

Kwa upande wa uchapishaji, kumbuka kwamba waandishi hawa waliishi kwa majarida. Hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikuwalinda waandishi wa nje, kwa hiyo wachapishaji wa Marekani walikuwa wakichapa riwaya za Waingereza bila kulipa hata senti. Nani angelipia riwaya ya kijana asiyejulikana wa Massachusetts ilhali za Charles Dickens ni za bure? Majarida, kwa upande mwingine, yalihitaji hadithi fupi kila mwezi. Ndiyo maana Poe, Hawthorne, na baadaye Herman Melville, waliufinyanga utanzu huu: njaa ilikuwa na mkono wake humo.

Kwa upande wa fikra, weka mwaka 1836 kichwani. Mwaka huo mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson alitoa kitabu chake kidogo kuhusu maumbile, akifundisha kwamba binadamu akiingia porini peke yake anakutana na Mungu, na kwamba nafsi ikiachiwa huru itaelekea kwenye wema. Miaka michache baadaye, kuanzia 1842 hadi 1845, Hawthorne alipanga nyumba ileile ya Concord, Massachusetts, ambamo Emerson alikuwa ameandika rasimu ya kitabu hicho. Humo naye aliandika baadhi ya hadithi zake, na katika hadithi za Hawthorne anayeingia porini peke yake hakutani na Mungu. Huwa najiuliza kama alitabasamu alipokuwa akiandika.

Usiwafanye maadui, hata hivyo. Wote wawili waliamini kwamba maumbile yanasema na moyo wa mtu. Walitofautiana juu ya kinachosemwa.

Hatua ya 3: Mbane msimulizi

Hapa tukae kidogo.

"The Tell-Tale Heart" ilitoka Januari 1843. Inaanza katikati ya mabishano. Msimulizi anakiri kwamba ana wasiwasi, wasiwasi mkubwa mno, kisha papo hapo anauliza: kwa nini mnasema mimi ni mwendawazimu? Simama hapo. Nani kasema? Hatujasikia mtu akisema lolote. Kuna mtu chumbani anayemsikiliza, labda daktari, labda askari, labda hakimu, na Poe hatuambii ni nani. Wewe msomaji umekalishwa kwenye kiti cha mtu huyo.

Sasa chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "anachodai", kulia andika "anachoonyesha". Kisha ujaze kadiri unavyosoma.

Anadai kwamba ana akili timamu, na ushahidi anaoutoa ni utaratibu. Usiku saba mfululizo, karibu na saa sita, alifungua mlango wa mzee anayeishi naye, taratibu kiasi kwamba ilimchukua saa nzima kukipenyeza kichwa chake ndani. Ana kandili iliyofunikwa. Anaifungua kidogo tu ili mwale mmoja mwembamba uangukie jicho la mzee, jicho la samawati lililofunikwa na utando, ambalo kwake ni kama la tai mla mizoga. Kila usiku jicho limefumba, naye hawezi kuua, kwa sababu, anasema, mzee hakuwa na kosa. Tatizo lilikuwa jicho. Andika kulia: mtu anayetumia saa nzima kuingiza kichwa mlangoni.

Anadai kuwa na sababu. Lakini hebu sikiliza jinsi anavyoipata. Anasema hakuwa na lengo, hakuwa na hasira, alimpenda mzee, hakutamani dhahabu yake. Kisha anasema, nadhani lilikuwa jicho lake. Nadhani! Mtu ameua, amekata mwili vipande, na bado anabahatisha sababu. Kwangu mimi neno hilo moja linaogofya kuliko damu yote, ambayo kwa kweli haionekani hata tone, kwani anajisifu kwamba aliikinga yote kwenye beseni.

Anadai kwamba masikio yake yamekuwa makali, kwamba anasikia mambo ya mbinguni na ya duniani, na mengi ya kuzimu. Weka alama hapo kwa sababu mwisho wa hadithi unategemea masikio hayo. Maiti iko chini ya mbao tatu za sakafu. Askari watatu wamekuja saa kumi alfajiri baada ya jirani kusikia ukelele. Msimulizi anawakaribisha, anawaletea viti, na chake anakiweka juu kabisa ya mahali alipomficha mzee. Ndipo anaanza kusikia mdundo, mdogo, wa haraka, kama saa iliyofungwa kwenye pamba. Unazidi. Askari wanaendelea kupiga soga na kutabasamu. Anapasuka, anakiri, anawaambia wang'oe mbao.

Swali la kujibu kwenye daftari ni hili: sauti hiyo inatoka wapi? Wengi watajibu ni moyo wake mwenyewe, na jibu hilo lina nguvu. Lakini rudi nyuma kurasa chache. Mzee alipokuwa ameketi kitandani kwa hofu gizani, msimulizi alisema kwamba yeye naye amezoea kukaa hivyo, usiku baada ya usiku, akisikiliza wadudu ukutani. Ni wale wadudu wanaotoboa mbao na kugongagonga, ambao Waingereza wa zamani waliamini wanatangaza kifo. Nyumba hiyo ina mdundo tangu mwanzo. Kwa hiyo una majibu matatu: moyo wa muuaji, wadudu wa mbao, au moyo wa maiti kweli. Usichague haraka. Orodhesha sentensi zinazounga mkono kila jibu, na utaona Poe amezigawa karibu sawa.

Ukishalizoea daftari hilo, lipeleke kwenye "The Cask of Amontillado" ya 1846. Montresor anamvuta Fortunato hadi kwenye mahandaki ya mvinyo na ya mifupa ya mababu, anampigia ukuta akiwa hai. Anasema alitendewa maovu elfu moja. Hataji hata moja. Na mwishoni tunajua kwamba anayasimulia haya nusu karne baadaye, kwa mtu anayemwita mjuzi wa nafsi yake. Ni kasisi? Ni majigambo au ni maungamo? Jaza safu ya kulia.

Katika dibaji ya mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi, uliotoka mwishoni mwa mwaka 1839, Poe alijibu waliomshutumu kwa kuiga hadithi za kutisha za Wajerumani. Alisema hofu anayoiandika haitoki Ujerumani bali inatoka rohoni. Ninaiamini kauli hiyo, ingawa alikuwa mtu wa kujipigia debe.

Hatua ya 4: Usiufunge mlango ambao mwandishi ameuacha wazi

Poe anakupa msimulizi asiyeaminika. Hawthorne anafanya jambo gumu zaidi: msimulizi wake ni mpole, mstaarabu, na anakataa kukuambia kama kisa kilitokea.

Soma "Young Goodman Brown", iliyotoka mwaka 1835. Kijana wa Salem, mji wa Massachusetts, ana miezi mitatu tu ya ndoa, anamuaga mkewe jua likizama. Mke anaitwa Faith, yaani Imani, na kofia yake ina tepe za rangi ya waridi. Anamsihi asiende. Anakwenda. Msituni anakutana na mzee mwenye fimbo iliyochongwa kama nyoka mweusi, anayefanana naye kiasi cha kudhaniwa baba yake, na ambaye amefika kutoka Boston kwa dakika 15, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Ni nani huyo, huhitaji kuambiwa.

Brown anapositasita, akisema ukoo wake ni wa watu wema wasiotembea na watu kama yeye, mzee anacheka. Anasema aliwajua vizuri: alimsaidia babu yake, konstebo, alipomchapa viboko mwanamke wa Kikweka (dhehebu la Kikristo) katika mitaa ya Salem, na alimpa baba yake kijinga cha moto wa kuteketeza kijiji cha wenyeji asilia wa Amerika, katika vita vya miaka ya 1670.

Hapa ndipo mwaka wa pili kwenye daftari lako unapofanya kazi. Hawthorne alizaliwa Salem mwaka 1804. Babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu waliowahoji washukiwa wa uchawi mwaka 1692, mwaka ambao watu 19 walinyongwa na mzee mmoja, Giles Corey, akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Baba wa hakimu huyo, William, ndiye aliyekuwa na sifa ya kuwachapa Wakweka. Nathaniel aliongeza herufi w kwenye jina la ukoo; sababu hakuieleza waziwazi, lakini watu wamekisia.

Msituni Brown anawaona wacha Mungu wa mji wake wakikusanyika kumwabudu shetani: mchungaji, shemasi, na bibi Cloyse aliyemfundisha katekisimu. Wanatajwa pia bibi Cory na Martha Carrier. Msomaji asiye na historia anapita. Lakini majina hayo ni ya watu halisi. Martha Carrier na Martha Corey walinyongwa mwaka 1692, Sarah Cloyce alishtakiwa akafungwa, na dada zake wawili wakanyongwa. Hawakuwa wachawi, na Massachusetts yenyewe ilikuja kukiri hivyo. Sasa fikiria: Hawthorne amechukua majina ya wahanga, akayaweka kwenye mkutano wa wachawi, kama anavyoyaona Brown.

Je, amewasingizia? Kwa maoni yangu, hapana. Mahakama ya 1692 ilikubali ushahidi wa kivuli: shahidi akisema roho ya fulani ilimtokea usiku ikamkaba, ilihesabika kuwa ushahidi, hata kama fulani alikuwa amelala kwake. Brown anaona kwa ushahidi huohuo. Anaona maumbo gizani, anasikia sauti mawinguni, anahukumu. Hawthorne anamweka msomaji ndani ya macho ya hakimu, na msomaji akiamini kila kitu, naye amenyonga.

Tazama utepe. Usiku, Brown anasikia sauti ya mkewe juu angani, kisha kitu kinapepea na kunasa kwenye tawi. Anakishika: utepe wa waridi. Anapiga kelele kwamba Imani yake imetoweka. Ni ushahidi unaoshikika kwa mkono, au sivyo? Asubuhi anarudi kijijini, na mkewe anamkimbilia barabarani. Kichwani ana tepe zake za waridi. Hawthorne hasemi neno juu ya hilo. Vivyo hivyo, tawi lililokuwa likiwaka moto usiku linamdondoshea umande wa baridi shavuni.

Kisha msimulizi anauliza kama Brown alilala akaota. Na iwe hivyo ukipenda, anajibu, na anaendelea na habari ya maisha ya Brown: hakusikiliza tena mahubiri bila kuogopa paa lisimwangukie mhubiri, alijikunja akiwa kitandani na mkewe usiku wa manane, akafa bila mstari wa matumaini kwenye jiwe la kaburi.

Kwa hiyo ukiulizwa mtihanini kama ilikuwa ndoto, usijibu ndiyo wala hapana. Onyesha jinsi hadithi ilivyopangwa ili jibu lisipatikane, na jinsi Brown alivyoharibikiwa kwa sababu hakuvumilia kutojua.

Hatua ya 5: Fuata kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho

Hii ni fupi. Kila hadithi ina kitu kinachojirudia. Chagua kimoja, kizungushie duara kila kinapotokea, kisha soma duara hizo peke yake.

Katika "The Minister's Black Veil", ya 1836, ni kitambaa cheusi ambacho mchungaji Hooper anakifunika usoni Jumapili moja na kukataa kukivua hadi kifo, hata mchumba wake anapomwomba. Usikimbilie kusema kitambaa ni dhambi. Mchungaji mwenyewe ndiye anayetaka useme hivyo. Tazama badala yake watu wanavyobadilika kila kinapotokea. Katika "The Fall of the House of Usher", ya 1839, ni ufa mwembamba unaoshuka kwa kupindapinda kutoka paani hadi kwenye maji ya ziwa, uliotajwa mwanzoni na kusahauliwa, hadi unaporudi mwishoni. Katika "The Masque of the Red Death", ya 1842, ni saa ya mpingo kwenye chumba cha saba, ambayo kila ikigonga, wageni elfu moja wa mwanamfalme waliojifungia kukimbia tauni wanasita kucheza. Miezi michache kabla ya hadithi hiyo kutoka, Virginia, mke wa Poe, alikohoa damu akiimba nyumbani. Alikuwa na kifua kikuu, na Poe alimuuguza hadi alipofariki mwaka 1847. Silazimishi uhusiano, ila ukiijua habari hiyo, mlio wa saa ile hausikiki vilevile.

Hatua ya 6: Uliza ni nani hapewi nafasi ya kusema

Mwaka 1850 Melville aliandika makala kumsifu Hawthorne, akidai kwamba kilichomvuta kwake ni weusi uliokolea mara kumi nyuma ya mwanga wa maneno yake, weusi unaotokana na imani ya Kikalvini kwamba binadamu huzaliwa na dhambi. Mwaka uliofuata alimtabaruku riwaya yake kubwa ya nyangumi. Lakini Melville alikuwa baharia, ameona meli na bandari, na giza lake lilikuwa na anwani.

"Benito Cereno", iliyochapishwa kwa mafungu matatu mwaka 1855, ni ndefu. Usiiguse wiki ya kwanza. Kapteni Amasa Delano wa Massachusetts anakutana na meli ya Kihispania iliyochakaa karibu na kisiwa kimoja cha Chile. Imebeba watumwa Waafrika. Kapteni wake, Don Benito, ni mgonjwa, anazimiazimia, na kila wakati yuko na mtumishi wake Babo, Msenegali mfupi asiyemwacha hata hatua moja. Delano anavutiwa na utiifu huo. Anawapenda Waafrika, tunaambiwa, kama wengine wanavyopenda mbwa.

Ukweli ni kwamba watumwa wameshaiteka meli, wameua wengi, na Babo ndiye kapteni. Kila kitu Delano anachokiona ni mchezo wa kuigiza ambao Babo ameuandaa. Na Delano haoni, kwa sababu hawezi kufikiri kwamba Mwafrika anaweza kupanga jambo la akili hivyo.

Tuliza macho kwenye tukio la kunyoa. Babo anamnyoa Don Benito mbele ya mgeni, amemfunga kifuani bendera ya Hispania badala ya taulo. Delano anachekelea rangi za bendera, anadhani ni mapenzi ya Waafrika kwa vitu vya kung'aa. Wembe uko kooni mwa Mhispania. Don Benito anatetemeka, damu kidogo inatoka. Sisi nasi, tukisoma mara ya kwanza, tunatazama kwa macho ya Delano, na tunadanganyika pamoja naye. Soma mara ya pili na kila sentensi inageuka.

Melville hakubuni tukio zima. Delano alikuwa mtu halisi, na mwaka 1817 alichapisha kumbukumbu zake zilizosimulia maasi kwenye meli iliyoitwa Tryal, aliyokutana nayo mwaka 1805. Melville alirudisha kisa hadi 1799 na kuibadili meli jina iitwe San Dominick, jina linalomkumbusha msomaji wa wakati ule juu ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti.

Mwishoni hadithi inaacha kusimulia na kuweka nyaraka za mahakama. Hapo wanazungumza Wahispania, na mahakama inaandika. Babo, tangu alipokamatwa, hakutoa sauti, wala hakuweza kulazimishwa. Andika kwenye daftari: mtu aliyejua yote ndiye pekee asiyenukuliwa. Kisha jiulize kama kunyamaza kwake ni kushindwa au ni kukataa kuihalalisha mahakama ile. Nimewahi kusikia watu wakibishana juu ya hili mpaka chai ikapoa, na bado naegemea upande wa kukataa.

Hatua ya 7: Panga zamu

Ukitaka kupasha misuli moto, anza na "The Legend of Sleepy Hollow" ya Washington Irving, ya 1820, yenye mpanda farasi asiye na kichwa. Irving anacheka zaidi kuliko kutisha, na boga lililopasuka asubuhi barabarani linakupa jibu ukilitaka. Ni vizuri kuonja jinsi mlango ulivyokuwa umefunguliwa nusu tu kabla Hawthorne hajausukuma.

Baada yake "The Tell-Tale Heart", "Young Goodman Brown", "The Cask of Amontillado", "The Minister's Black Veil", kisha "Usher". "Ligeia" ya Poe iache hadi utakapomzoea. Wapo wanaoiona kilele chake, mimi naiona imejaa manukato kupita kiasi. Hadithi za wanasayansi za Hawthorne, "The Birth-Mark" na "Rappaccini's Daughter", soma kwa jozi siku moja: katika zote mbili mwanamke anakufa kwa sababu mwanamume amemfanyia majaribio akiita hayo mapenzi au elimu.

"Bartleby, the Scrivener" ya Melville, ya 1853, iweke kabla ya "Benito Cereno". Haina damu wala msitu. Ni ofisi ya wakili wa Wall Street ambayo madirisha yake ya upande mmoja yanatazama ukuta mweupe na ya upande mwingine ukuta mweusi wa matofali. Karani mnakili anaombwa afanye kazi, anajibu kwa adabu kwamba angependelea kutofanya. Anaendelea kupendelea hivyo hadi anafia gerezani. Msimulizi ni wakili mwenyewe, mtu mwema anayejisifu kwa kuwa mtulivu. Safu zile mbili za daftari zinafaa hapa kuliko mahali pengine popote, maana wakili haongopi hata kidogo. Anaeleza tu, kwa upole mwingi, jinsi alivyohamisha ofisi nzima ili asimfukuze mtu mmoja.

Ukiwamaliza hao watatu, tafuta "Circumstance" ya Harriet Prescott Spofford, ya 1860. Mwanamke anavuka msitu wa Maine jioni, mnyama mkali anamkamata na kumpandisha mtini, naye anagundua kwamba akiimba, mnyama hatafuni. Anaimba usiku kucha. Soma kurasa za mwisho polepole, mahali mume anapofika na mtoto mkononi, na uone wanakuta nini wakirudi nyumbani. Halafu rudia maswali ya hatua ya 3 na ya 6, hasa kuhusu wenyeji wa nchi hiyo, wanaojitokeza mwishoni kwa silaha, unyayo na moshi tu.